Saa Ndani ya Sauti ya Mzee

Nimerudisha ufunguo wa studio, nimechukua kikombe changu cha chai, na nimetia sahihi kila mahali nilipoonyeshwa. Sasa nyinyi mliobaki pale redioni Kericho mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya fundi wa sauti. Mliniomba kwa ujumbe wa sauti, tena mliourekodi kando ya jenereta, kwa hiyo naanza kuandika nikiwa na hasira kidogo. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa sitavitaja. Aliyenipita na aende salama.

Mimi ni mtoto wa Kedowa. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakiwa vijana, wakanunua shamba dogo, wakapanda viazi na chai, wakafuga ng'ombe wawili na kubishana kanisani kama watu wengine. Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya Jumapili. Fundi mkuu alikuwa Arap Rono, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alinitazama, akanipa kitambaa na chupa ya spiriti nisafishe mashine za kaseti.

"Unajua kusikiliza?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Hapana. Wewe unajua kusikia. Hiyo ingine tutafunza pole pole."

Tukienda kurekodi nje, iwe ni mnada wa ng'ombe Mulot au kwaya Silibwet, Arap Rono hakuanza kuuliza maswali mara moja. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaweka saa yake ya mkononi kando ya maikrofoni, kisha akanyamaza. "Wacha chumba kiongee kwanza," alikuwa akisema. Wenyeji walidhani ni maombi. Wengi walifumba macho, na kuna mama mmoja wa Silibwet aliyesema amina.

Niliona ni ushamba mpaka siku betri zilipotuchezea Mulot. Zilikuwa zimechoka na hatukujua, rekoda ikawa inazunguka taratibu wakati wa kurekodi. Tulipofika studio na kuicheza kaseti kwa mwendo wake wa kawaida, mzee mmoja wa mifugo, mtu wa heshima zake, akatoka na sauti ya mtoto wa shule. Nilicheka mpaka nikashika meza. Arap Rono hakucheka.

"Huyu mzee akisikia hii kwa redio atasema tumemtukana mbele ya watoto wake."

Akavaa saa yake, akaanza kuzungusha kitufe cha mwendo kidogo kidogo. Hakuwa akisikiliza sauti ya mzee hata kidogo. Alisikiliza mlio wa saa ulio ndani ya kaseti na ule ulio mkononi mwake, mpaka ikawa saa mbili zinatembea pamoja. Mzee akarudi kuwa mzee.

"Mtu anaweza kuwa na homa, anaweza kuwa na hasira, sauti ikabadilika," akaniambia. "Saa haina homa."

Baadaye kaseti zikafa, kompyuta zikaingia, na sote tukadhani tumeokoka. Kumbe ni shida ileile imevaa suti. Nitawaeleza kwa kifupi, maana najua kuna wenu wanaobonyeza tu mpaka kitu kilie. Kompyuta haishiki sauti yenyewe, inaipiga picha nyingi mfululizo, kama filamu. Kuna mashine zinazopiga picha elfu arobaini na nne na mia moja kwa sekunde, kwa sababu hivyo ndivyo CD zilivyotaka. Kuna zinazopiga elfu arobaini na nane, kwa sababu watu wa video walitaka yao. Simu ya kawaida inapiga elfu nane tu, ndiyo maana msikilizaji akitupigia kutoka Bomet anasikika kama amekaa ndani ya debe. Picha hizo ndizo tunaziita sampuli. Halafu kuna biti, ambazo ni kipimo cha kila picha. Wanaopeleka majani chai kituoni huelewa hili upesi: mizani yenye mistari michache inakupa kilo peke yake, yenye mistari mingi inakupa mpaka gramu. Biti kumi na sita ni mizani nzuri ya kutosha. Biti ishirini na nne ni ya sonara.

Faili nzima hubeba maelezo yake mwanzoni: nilipigwa picha ngapi kwa sekunde, nilipimwa kwa mizani gani. Programu inayasoma, inabadilisha panapohitajika, na sauti za kila namna zinakaa kwenye mradi mmoja bila vita. Taabu inaanza faili ikipoteza maelezo hayo. Hapo kompyuta inakuuliza wewe, na wewe ukijibu kwa kubahatisha, inakuamini.

Kazi ngumu nimefanya nyingi, lakini iliyonitoa jasho ilikuwa moja, na ilikuja nikiwa nimeanza kuhesabu miezi ya kustaafu.

Mwangi mnamjua wengi wenu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, kisha akaondoka akawa fundi wa sauti wa kanisa la Kedowa, na wa harusi na mazishi ya huko. Ana mkono mwepesi na subira fupi. Baba yake, Mzee Njoroge, alipakana na shamba la wazazi wangu. Mkewe alitangulia kufa, akazikwa palepale shambani, juu kidogo ya chai. Mzee alipougua sana alimwita Mwangi na kumwambia alete mashine, ana neno la kuacha. Kariuki, kaka mkubwa wa Mwangi, alikuwa amekwenda Mulot kutafuta mtamba. Basi mzee alisema neno lake pale sebuleni, akiwa na mtoto mmoja tu na rekoda ya kanisa. Betri ikakata kabla hajaizima. Wiki hiyohiyo mzee akafariki.

Neno lenyewe lilihusu kaburi. Dada mkubwa wa mzee, shangazi tuliyemwita Tata Wangari, alikuja kutoka Nyeri na wazee wa ukoo kumchukua akalale karibu na wazazi wao. Rekodi ilisema azikwe Kedowa kando ya mkewe. Na kwetu sisi neno la mzazi anayekufa halivunjwi. Anayelivunja anabeba laana. Sasa jiulizeni anayelitunga anabeba nini.

Jioni ya mkutano wa mazishi Mwangi aliicheza rekodi mbele ya watu wote, na Tata Wangari akasema hiyo si sauti ya ndugu yake, ni sauti ya Mwangi. Kariuki akasema hata yeye anamsikia Mwangi.

Asubuhi iliyofuata, siku yenyewe ya mazishi, simu yangu ikalia.

"Mama Ciku, wanasema nimemuiga baba." Alikuwa Mwangi. "Kariuki amesema uje usikilize, juu wewe si wa upande wowote. Ukisema ni feki, natoka kwa hii boma na sirudi."

Nilipofika Kedowa gari la maiti lilikuwa limesimama kando ya lami. Dereva alikuwa amekaa ndani, hajui kama anaingia shambani au anaendelea na barabara ya Nakuru. Langoni walikuwepo majirani na majembe yao. Walikuwa Wakipsigis wa pale karibu, wameegemea ua na wanaongea kwa sauti ya chini. Mkubwa wao, Arap Koskei, alinisalimu kwa mikono miwili.

"Chamgei, Mama Ciku. Sisi tuko ready tangu asubuhi. Tuambiwe tu tuchimbe ama turudi nyumbani. Udongo ya hapa ni ngumu, haitaki haraka."

Sebuleni hapakuwa na mtu aliyekunywa chai iliyomiminwa. Tata Wangari alikaa kwenye kiti cha mzee mwenyewe, fimbo katikati ya magoti. Kariuki alisimama mlangoni. Mwangi alikaa chini, mbali na wote, kompyuta mapajani. Ukutani kulikuwa na kalenda ya kiwanda cha chai na saa kubwa ya duara iliyokuwa ikigonga tik, tik, na mimi sikuijali.

Nilisalimu, nikaweka spika niliyokuja nayo mezani, nikamwambia Mwangi acheze.

Sauti ikasema kwa Kikuyu: mnizike hapa, kando ya mama yenu. Hapa ndipo ninapojulikana. Msinihamishe tena.

Nawaambieni ukweli. Nilimsikia Mwangi. Nilimsikia wazi, ile sauti yake nyembamba ya haraka niliyoizoea studio miaka yote, akitoa amri kama anayempigia kelele mtu wa jukwaani. Mzee Njoroge nilimjua tangu nikiwa mtoto, na huyu hakuwa yeye. Nikamtazama Mwangi, na yeye akaona nilivyomtazama. Sijapenda uso wangu tangu siku hiyo.

"Umesikia," Tata Wangari akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimesikia, Tata. Bado sijasikiliza." Maneno ya Arap Rono yalinitoka yenyewe. Nikamgeukia Mwangi. "Hii faili umeitoa wapi?"

"Kwa rekoda ya kanisa. Betri ilikufa kabla haijamaliza kusave, so ikakataa kufunguka. Nikaiingiza mbichi tu, bila maelezo."

"Ukaiambia biti ngapi?"

"Kwanza ishirini na nne. Ikanguruma tu, kama mvua kwa mabati. Nikaweka kumi na sita, baba akaongea. Mama Ciku, nililia. Sikugusa kitu ingine."

"Na sampuli?"

"Arobaini na nane. Project yote ni ya video ya mazishi. Nyimbo, picha, kila kitu iko arobaini na nane."

"Rekoda yenyewe imewekwa ngapi?"

Kwa jinsi alivyofumbua mdomo nilijua kwamba hakuwa ameangalia. Aliisikia sauti ya baba yake ikitoka kwenye mngurumo, akafurahi, akaacha kuuliza. Kosa la namna hii hufanywa na fundi tu, maana mtu mwingine asingefika hata hapo. Aliifuata rekoda chumbani, akaiwekea betri mpya, akanionyesha. Elfu arobaini na nne na mia moja. Ni rekoda ya kwaya, na kwaya bado inauza CD.

Nikawaeleza kwamba picha za sauti zilipigwa kwa mwendo mmoja na zimeonyeshwa kwa mwendo wa kasi zaidi, kwa hiyo mzee amekimbizwa. Akikimbizwa sauti inapanda, na baba akipandishwa sauti anafanana na mtoto wake, kwa sababu koo ni la familia moja. Nikasema naweza kumrudisha mahali pake.

Tata Wangari alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaigonga fimbo sakafuni mara moja.

"Mwanangu, hizo namba ni zenu, wewe na huyu uliyemfunza. Mimi nilimbeba Njoroge mgongoni. Ukipunguza hiyo kitu mpaka ifanane na yeye, itafanana. Hata mimi unaweza kunipunguza mpaka niwe Njoroge."

Wazee wa Nyeri wakatikisa vichwa. Mmoja akatoa simu, akasema dereva anauliza. Kariuki alinitazama kutoka mlangoni, na niliona kwamba alitaka sana niwe na jibu. Mama yule alikuwa amesema haki kabisa. Sauti ya mtu ukiirekebisha kwa kufuata sauti ya mtu, umethibitisha nini? Nilisimama pale na miaka yangu yote ya kazi. Nje nililisikia jembe moja likiegemezwa kwenye ua.

Ndipo chumba kikaongea. Tik, tik, tik.

"Mwangi," nikasema, "hii saa ilikuwa hapa siku ile?"

"Iko hapo tangu nizaliwe."

"Ulianza kurekodi mzee akiwa tayari kuongea?"

"Hapana. Niliacha chumba kiongee kwanza." Alisema kwa aibu, kama mtu aliyeshikwa akifanya jambo la kitoto. "Si ndivyo ulitufunza."

Nikairudisha rekodi mwanzo kabisa, ile sehemu ambayo hakuna aliyejali kuicheza, nikaongeza sauti ya spika. Ilisikika pumzi ya mgonjwa. Nyuma yake, mbali kidogo, saa.

"Tata," nikasema, "sitakuuliza kuhusu sauti ya mtu. Sikiliza saa ya ndani ya hii spika, halafu sikiliza hiyo ya ukutani. Ni saa moja. Uniambie kama zinatembea pamoja."

Mwanzoni ziligonga pamoja. Baadaye kidogo ile ya spika ikatangulia, ikawa inagonga katikati ya milio ya ile ya ukutani, kisha ikaipita kabisa. Kila mtu mle ndani aliisikia. Tata Wangari aliinua uso kuelekea ukutani.

"Hiyo ya ndani inakimbia," akasema taratibu.

"Inakimbia. Na aliyeongea kando yake anakimbia nayo."

Nikaenda kwenye kompyuta, nikaifuta faili ile kwenye mradi, nikaiingiza upya ikiwa mbichi, biti kumi na sita, na safari hii sampuli elfu arobaini na nne na mia moja. Nikakosea tarakimu, nikaanza tena. Nikacheza.

Tik ya spika, tik ya ukutani. Tik, tik. Zilitembea pamoja, na zikaendelea kutembea pamoja. Tulingoja ziachane, hazikuachana. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza saa moja iliyokuwa ikigonga leo na siku ile.

Kariuki ndiye aliyesema kwanza. "Kama angekuwa ni Mwangi ameongea hapa ndani, saa ingekuwa sawa ile mara ya kwanza." Alikuwa akijieleza mwenyewe. "Tata, saa haikuwa sawa."

Tata Wangari aliniinulia kidole, kwamba niache iende.

Pumzi. Kikombe kikawekwa chini. Halafu Mzee Njoroge akaongea.

Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Ilikuwa ile sauti nzito iliyokuwa ikituita kutoka ng'ambo ya ua tukiwa watoto, sasa imechoka. Na ninalotaka mlielewe, nyinyi mnaosema tofauti ya sampuli ni mambo ya wazee wenye wasiwasi, ni hili: maneno yalikuwa yaleyale, lakini hayakuwa neno lilelile. Katika ule mwendo wa kukimbizwa mzee alikuwa akiamuru. Sasa alikuwa akiomba. Kati ya sentensi na sentensi alikuwa akitafuta pumzi, na pale aliposema msinihamishe tena, alisema hilo neno tena kama mtu anayejua amewasumbua watu.

Tata Wangari alifunika mdomo kwa ncha ya leso.

"Jana nilisikia mtoto ananipa amri," akasema baadaye. "Amri ningeikataa. Huyu ni Njoroge. Hata akiwa mdogo alikuwa akiomba kitu hivyo, kama anataka kukirudisha." Akajifuta macho. "Usizime. Acha mpaka iishe."

Maneno yalikuwa yamekwisha, lakini rekoda ilikuwa imeendelea. Tulikaa tukisikiliza pumzi ya mzee na saa mbili zikitembea pamoja. Kisha betri ya siku ile ikakata, katikati ya mlio, na ikabaki saa ya ukutani peke yake.

"Mwangi," Tata Wangari akasema. "Njoo hapa."

Alikuja akapiga magoti mbele ya kiti. Yule mama akamfungua kifungo cha juu cha shati, akajitemea mate kidogo kiganjani, akampaka kifuani, vile wazee wetu wanavyobariki mtoto. Kisha akampiga kofi jepesi la shavuni, na hilo nadhani lilikuwa la subira fupi.

"Inuka," akamwambia. "Baba yako amechoka kuhamishwa. Nenda uwaonyeshe hao majirani mahali mama yako amelala."